Herufi T: Sarafu Zilizopigwa Tabora Mwaka 1916

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache juu ya historia ya mji uliotulea. Ndugu zangu tuliosoma pamoja wanajua kwamba kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ya kuhesabu fedha za watu wengine. Basi nimeona niandike juu ya fedha. Sitaandika juu ya fedha ya leo, bali juu ya sarafu chache zilizopigwa hapo hapo Tabora, na juu ya herufi moja ndogo iliyochorwa juu yake. Herufi yenyewe ni T. Wengi wetu tulitembea mjini miaka minne au sita, tukala maembe yote ya njia ya Bomani, na tukaondoka bila kuambiwa maana yake.

Kila mahali duniani ambako watu wametumia dhahabu na fedha, wametafuta njia ya kuaminiana. Mnunuzi hawezi kukata kijiko cha fedha vipande viwili ili aone ndani mna nini. Kwa hiyo ziliwekwa alama. Katika mji wa Dublin, nchini Ireland, chama cha masonara kilipewa hati mwaka 1637, na tangu hapo vijiko, sahani na birika za fedha zilizopimwa na kukubaliwa hupigwa chapa ya kinubi chenye taji. Baadaye iliongezwa herufi ya kuonyesha mwaka, na mwaka 1730 ikaongezwa sura ya mwanamke aitwaye Hibernia, kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Mtu anayejua kuzisoma alama hizo hahitaji kumwuliza mwuzaji kitu. Anageuza kijiko, anatazama nyuma ya mpini, na kijiko chenyewe kinamjibu maswali matatu: kimetoka wapi, mwaka gani, na nani amedhamini ubora wake.

Maswali hayo hayo matatu ndiyo tutakayoyauliza juu ya sarafu za Tabora. Lakini kwanza yafaa tukumbushane watu wa huku walilipana kwa nini kabla ya sarafu.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta mji wa biashara uliokwisha kuzoea wageni. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, akarudi hapo pamoja na Livingstone mwezi Februari 1872. Katika safari zote hizo mizigo iliyobebwa na Wanyamwezi mabegani ndiyo iliyokuwa mfuko wa fedha. Kulikuwa na nguo za marekani na kaniki, zilizopimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Kulikuwa na ushanga wa kila rangi, na kulikuwa na masango, yaani nyaya nene za shaba. Stanley mwenyewe alieleza kwamba ushanga ulisimama mahali pa senti za shaba, nguo mahali pa fedha, na masango mahali pa dhahabu.

Fedha ya namna hiyo nayo ilikuwa na usomaji wake. Ushanga uliopendwa Ugogo uliweza kukataliwa Uvinza, na kiongozi wa msafara asiyejua rangi ya kila nchi aliweza kufa njaa huku amezungukwa na mali. Kujua kusoma kitu kilichomo mkononi si elimu iliyoletwa na wageni. Babu zetu walikuwa nayo, na maisha yao yaliitegemea.

Sarafu moja ilitembea pamoja na nguo na ushanga, hasa upande wa pwani na Unguja, nayo ni riale ya Maria Theresa. Ilitoka Austria, na ina sura ya malkia aliyekufa mwaka 1780. Jambo la ajabu ni kwamba waliendelea kuipiga baada ya kifo chake, tena katika miji mbalimbali, bila kubadilisha mwaka. Kwa hiyo riale iliyopigwa London au Roma katika miaka ya 1930 nayo inasema 1780. Chini ya sura ya malkia kuna herufi S.F., ambazo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Schöbl na Faby. Wafanya biashara walizitazama herufi hizo, na zilipokosekana waliikataa riale. Hapa tunapata fundisho la kwanza: mwaka ulioandikwa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka wa kuzaliwa kwake.

Wajerumani walipoingia walianza na kampuni yao, iliyotoa sarafu zake kuanzia mwaka 1890. Kulikuwa na rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita, na upande wa pili simba na mnazi. Kulikuwa pia na pesa ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, maana waliofanya biashara walisoma Kiarabu. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilichukua yenyewe kazi ya sarafu, ikaigawa rupia katika sehemu 100. Kila sehemu iliitwa Heller. Wajerumani walisema Heller, sisi tukasema hela. Watawala wale waliondoka zamani, rupia imebaki katika hadithi, lakini neno hela bado tunalo kila siku, na watoto wetu wanaliandika katika simu zao wanapoomba nauli.

Juu ya sarafu hizo za serikali kulikuwa na herufi ndogo ya kuonyesha zilikopigwa. Herufi A ni Berlin, na herufi J ni Hamburg. Tangu 1904 hadi 1914 hakuna herufi nyingine katika sarafu za nchi hii. Kila hela iliyotumika sokoni Tabora ilikuwa imevuka bahari kwa meli, na baada ya reli kufika mji wetu mwaka 1912, ikaletwa kwa gari la moshi.

Vita ilipoanza mwaka 1914 njia hiyo ilifungwa. Manowari za Waingereza zilizuia pwani, na sarafu mpya hazikuweza kuletwa. Wakati huo huo serikali ilihitaji fedha kuliko siku zote, kwa kuwa askari, wapagazi na wauzaji wa vyakula walipaswa kulipwa. Watu nao wakafanya kile ambacho watu hufanya wakati wa vita. Waliokuwa na rupia za fedha walizificha, nyingine zikazikwa chini ya sakafu. Kuanzia mwaka 1915 serikali ilichapa noti za muda, lakini karatasi haikupendwa, na mkulima wa Unyanyembe aliyeuza mtama wake alitaka kitu kinacholia kikidondoka.

Ndipo mwaka 1916, Tabora ikiwa imekuwa makao ya serikali ya Gavana Heinrich Schnee, ikaamuliwa sarafu zipigwe huko huko. Karakana ya reli ilikuwa na mashine na mafundi. Shaba ilitafutwa popote ilipopatikana, hata katika maganda ya risasi na ya mizinga. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba. Wakusanyaji wa sarafu wamepokea habari kwamba vyuma vya chapa vilichongwa na sonara Msinhala, mtu wa kisiwa cha Ceylon. Majina ya waliovuta mashine, waliochochea moto na waliokata vipande hayakuwekwa juu ya sarafu. Liliwekwa jina la mji tu, kwa herufi moja: T.

Ndugu msomaji, sasa tuzichukue sarafu hizi mkononi moja moja.

Ya kwanza ni hela 20. Ni pana, na kwa kawaida ni ya shaba ya manjano, ingawa ziko pia za shaba nyekundu. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A., ambazo ni kifupi cha jina la Kijerumani la koloni, kisha mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili una namba 20 na neno HELLER katikati ya matawi ya majani. Ukizipanga hela 20 kadhaa mezani utaona kwamba hazifanani sawasawa. Nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo. Katika nyingine ncha za herufi L zimepinda, katika nyingine zimechongoka. Hiyo si dalili ya udanganyifu. Ni dalili kwamba vyuma vya chapa vilichakaa upesi, vikachongwa vingine kwa mkono, na mkono wa mwanadamu hauchongi mara mbili sawasawa.

Ya pili ni hela 5 ya shaba ya manjano, ndogo kuliko hiyo, nayo ina taji, mwaka 1916 na T. Wengi huichanganya na hela 5 za zamani, basi tuzitenganishe. Hela 5 kubwa za mwaka 1908 na 1909 zina herufi J na zilitoka Hamburg. Hela 5 za mwaka 1913 na 1914 ni za madini meupe na zina tundu katikati lililotobolewa kiwandani, kama zilivyo hela 10. Sarafu ya Tabora haikutolewa na tundu. Ukiikuta imetobolewa, ujue aliyeitoboa ni mtu aliyeivaa shingoni au kumvika mtoto, na hiyo ni historia nyingine.

Ya tatu ndiyo iliyopata sifa duniani. Ni rupia 15 ya dhahabu. Upande mmoja kuna tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili kuna tai wa Kijerumani na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA 15 RUPIEN. Zilipigwa 16,198 tu. Nazo ni za namna mbili: katika moja nakshi ya upande wa kulia inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine inaishia chini ya A ya kwanza. Tofauti hiyo ni ndogo kama punje ya ulezi, lakini wanunuzi wa Ulaya na Marekani huitafuta kwa kioo cha kukuzia.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo hesabu inaposema jambo ambalo picha ya tembo hailisemi. Kwa kiwango cha wakati ule rupia 15 zilikuwa sawa na maki 20 za Kijerumani. Sarafu ya maki 20 iliyopigwa Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.168. Sarafu ya Tabora nayo ina uzito wa gramu 7.168, lakini huo ni uzito wote. Dhahabu safi iliyomo ni sehemu tatu kwa nne tu, yaani gramu 5.376, na robo iliyobaki ni madini mengine. Aliyepewa sarafu ile akiambiwa ni sawa na maki 20 alipewa robo tatu ya dhahabu na robo moja ya ahadi. Wala hakuna mahali popote juu ya sarafu palipoandikwa ubora wa dhahabu yake. Kijiko cha Dublin kinajibu maswali yetu yote matatu. Sarafu ya Tabora inajibu mawili, imetoka wapi na mwaka gani, na kwa swali la tatu inatuonyesha tai tu.

Kama dhahabu ilikuwa na robo ya ahadi, hela 20 ilikuwa ahadi tupu. Shaba yake haikufikia sehemu ya tano ya rupia. Thamani yake ilikuwa ile taji na ile T, maadamu serikali iliyoipiga ingali ofisini. Nayo haikukaa. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalipigana na Wajerumani kuzunguka mji, huko Itaga na Lulanguru, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Tombeur baadaye alipewa na mfalme wake cheo chenye jina la mji wetu. Waliobaki na makopo ya hela hawakupewa cheo. Baada ya vita Waingereza walileta utaratibu wao, ikaja florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921, na shaba ya mwaka 1916 ikawa shaba tu. Aliyekuwa na dhahabu aliweza kuipeleka kwa sonara. Aliyekuwa na hela alibaki nayo.

Nitatoa mfano mmoja. Miaka michache baada ya kustaafu niliitwa na wazee wa kijiji kimoja upande wa Sikonge. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, walikuwa hawasemezani tangu matanga ya baba yao. Katika sanduku la marehemu ilikutwa sarafu ya manjano imefungwa katika kitambaa. Mkubwa aliichukua, mdogo akasema ni dhahabu ya Mjerumani na lazima iuzwe wagawane. Mfanya biashara mmoja mpita njia alikuwa amewatia moto kwa kuwaambia kwamba inanunua nyumba. Maneno yakaongezeka, ng'ombe wakatenganishwa, na mashamba nayo yakaanza kupimwa kwa kamba.

Niliiomba sarafu. Nikawaonyesha wote wawili mbele ya wazee: hapa hakuna tembo wala tai. Hapa kuna taji, D.O.A., 1916 na T. Geuza: 20 HELLER. Hii ni shaba. Mdogo alinitazama kama niliyehongwa. Ndipo shangazi yao, bibi mkongwe aliyekuwa amekaa mkekani kimya, akasema, "Wanangu, sanduku lile lilikuwa la babu yenu kabla ya kuwa la baba yenu. Yeye alisema siku zote kwamba ni mshahara wake wa kubeba mizigo ya Mjerumani, na kwamba hakuna aliyekubali kuipokea. Nyinyi mlidhani ni hadithi za wazee." Nikamwambia, "Shangazi, sarafu inasema kama unavyosema wewe." Mwaka, mji na madini vyote vilikubaliana na maneno ya marehemu. Wazee wakaamua ikae kwa shangazi. Sisemi kwamba ndugu wale walikumbatiana siku ile, lakini kamba ya kupimia mashamba ilikunjwa.

Nimekitoa kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa kwetu wanapata hasara pande zote. Yupo anayeuza mali kwa bei ya chumvi kwa sababu hajui kuisoma, na yupo anayegombana na nduguye kwa ajili ya shaba. Pili, hela ile haikununua kitu tangu Wabelgiji walipoingia, lakini ilishika ushahidi wa kazi ya mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha vita. Vitabu vya vita hiyo vimejaa majina ya majenerali. Wapagazi waliobeba chakula na risasi zao walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakurudi.

Kwa mwenzangu atakayekutana na sarafu ya namna hii, natoa mashauri machache ya mtu aliyeshika fedha siku nyingi. Usiisugue kwa mchanga, limau wala majivu, maana ukiing'arisha umeifuta. Tazama herufi kwanza, kabla ya kutazama rangi, kwa kuwa rangi hudanganya. Kama ni ya tembo, ipime katika mizani nzuri ya sonara, na isipokaribia gramu 7.17 uwe na mashaka. Itazame pia kwa kioo, kwani za bandia ziko nyingi. Iliyomwagwa katika kalibu huwa na vitundu vidogo na herufi zilizolegea, lakini iliyopigwa kwa chapa ina kingo kali hata kama imechakaa. Usimwulize bei mtu anayetaka kuinunua. Mwulize asiyetaka kuinunua.

Na kama ni hela ya shaba, usiitupe kwa kuwa si dhahabu. Chukua karatasi uandike ilikuwa ya nani, alikaa wapi, aliipataje, na nani amekueleza. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na sarafu. Sarafu bila maneno ni ya mkusanyaji, lakini sarafu yenye maneno ni ya ukoo. Nyingi za dhahabu zimekwisha kwenda ng'ambo na zinauzwa kwa mnada katika miji ambayo haikupata kusikia harufu ya mvua ya kwanza Unyamwezi. Hizo hatuziwezi. Lakini za shaba bado zimo majumbani mwetu, katika makopo ya vifungo na mikoba ya bibi zetu, na waliosikia habari zake kutoka kwa wenyewe wanapungua kila mwaka.

Napendekeza basi, ndugu zangu, kwamba kabla ya mkutano wetu ujao kila mmoja aulize nyumbani kwake. Atakayepata hela yenye T aje nayo, au aje na picha yake, pamoja na ile karatasi. Katibu atatupatia meza moja ya kuziweka, na vijana wanaosoma shuleni kwetu sasa waitwe wazione na kuzisoma wenyewe. Mimi nitaleta kioo na mizani.